Alfred Büchi: Mhandisi aliyeufanya moshi uvute mzigo

MSIMU wa korosho unapofika, malori hupanga foleni kwenye maghala ya vyama vya msingi Nachingwea na Ruangwa. Yakishapakiwa na kuanza kupanda kilima, sikiliza vizuri. Chini ya muungurumo wa injini utasikia mluzi mwembamba unaopanda kadiri dereva anavyokanyaga mafuta. Huo ni mluzi wa tabo.

Wafanyabiashara wengi wa mazao wanaijua tabo kwa mambo mawili. Kwanza, gari lenye tabo linavuta. Pili, tabo ikifa, pesa ya msimu mzima inaweza kuishia kwa muuza spea. Wachache wanajua kwamba kifaa hicho kilibuniwa na mtu mmoja wa Uswisi, Alfred Büchi, aliyehangaika nacho kwa miaka 20 kabla hakijampa matunda.

Maisha ya mhandisi huyo yana somo kwa yeyote anayefikiria kufunga tabo kubwa zaidi kwenye gari lake, awe na lori la ufuta au kijana mwenye Subaru ya mtumba anayetaka iende kasi kuliko za wenzake.

Mtoto wa mji wa viwanda

Büchi alizaliwa Julai 11, 1879 katika mji wa Winterthur. Mji huo ulikuwa na kiwanda kikubwa cha mashine cha Sulzer, ambako baba yake alikuwa na wadhifa. Katika kiwanda hicho hicho Rudolf Diesel, mbunifu wa injini ya dizeli, alijifunza kazi za mikono akiwa kijana. Kwa hiyo Büchi alikulia mahali ambapo habari za injini zilikuwa mazungumzo ya kila siku.

Mwaka 1899 alijiunga na chuo cha ufundi cha Zurich kusomea uhandisi wa mashine, akahitimu mwaka 1903. Baada ya hapo alikwenda kufanya kazi Ubelgiji na Uingereza. Huko ndiko lilikomjia swali ambalo hakuliacha hadi uzeeni: kwa nini injini inatupa nguvu nyingi hivi?

Swali hilo lilikuwa na msingi. Mafuta yanapoungua ndani ya silinda, ni sehemu ndogo tu ya joto lake inayozungusha magurudumu. Sehemu nyingine inachukuliwa na maji ya rejeta, na karibu theluthi moja inatoka kwenye bomba la moshi na kupotea hewani. Mkulima wa korosho analijua jambo hili kwa njia yake. Anaokota korosho, na mabibo mengi yanaozea chini ya mkorosho, ingawa nayo yana thamani kwa anayejua kuyatumia.

Wazo la mwaka 1905

Novemba 1905, akiwa na umri wa miaka 26, Büchi alipeleka ombi la hati miliki nchini Ujerumani. Wazo lake linaelezeka kwa maneno machache. Chukua feni mbili uzifunge kwenye shafti moja. Feni ya kwanza iweke kwenye njia ya moshi, ili moshi unaotoka kwa kasi uizungushe. Ya pili iweke kwenye njia ya hewa. Ya kwanza ikizunguka, ya pili nayo inazunguka na kuisukumia injini hewa nyingi kuliko ile ambayo ingevuta yenyewe.

Hewa ikiwa nyingi, unaweza kuchoma mafuta mengi zaidi ndani ya silinda ileile. Injini haikui kwa umbo, lakini inapata nguvu ya injini kubwa, na kinachoisukuma ni moshi uliokuwa ukitupwa.

Kwenye karatasi jambo hilo lilikuwa zuri. Karakana ikatoa jibu tofauti.

Miaka 20 ya kujaribu

Büchi alirudi nyumbani na kuajiriwa na Sulzer. Mwaka 1911 majaribio ya tabo yakaanza kiwandani hapo, na mwaka 1915 ikawa tayari injini ya kwanza ya dizeli ya majaribio yenye tabo. Matokeo hayakuridhisha. Vyuma vya wakati huo vilishindwa kuhimili joto la moshi, na feni hazikuweza kusukuma hewa ya kutosha.

Wakati huo wengine nao walikuwa mbioni. Nchini Ufaransa, Auguste Rateau alijaribu tabo kwenye injini za ndege wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Marekani, mwaka 1918, mhandisi Sanford Moss alipandisha injini ya ndege kwa lori hadi juu ya mlima Pikes Peak, karibu mita 4,300 kutoka usawa wa bahari. Alithibitisha kwamba tabo inaweza kuirudishia injini nguvu inayopotea kwenye hewa nyepesi. Dereva aliyewahi kupeleka mzigo Njombe akitokea Masasi anaelewa: huku kwetu injini inapumua vizuri, lakini ikipanda nyanda za juu isiyo na tabo inachoka mapema.

Büchi hakukata tamaa, na wala hakurudia kosa lilelile. Aligundua kwamba tatizo halikuwa tabo peke yake. Injini nayo ilipaswa kubadilishwa ili iendane nayo. Mwaka 1925 alipata hati miliki nyingine kwa jina lake mwenyewe. Ilihusu namna ya kupeleka moshi kwenye feni kwa mapigo, silinda moja baada ya nyingine, kupitia mabomba yaliyotenganishwa. Pia alirekebisha muda wa kufunguka na kufunga kwa valvu, ili hewa safi ipite ndani ya silinda, ifukuze mabaki ya moshi na kupoza vyuma.

Mafanikio yakaja. Mwaka 1926 meli mbili za abiria za Ujerumani, Preussen na Hansestadt Danzig, ziliingia kazini zikiwa na injini za dizeli za silinda 10 zilizofungwa tabo kwa utaalamu wake. Nguvu ya injini ilipanda kutoka farasi 1,750 hadi 2,500, yaani ongezeko la zaidi ya asilimia 40 bila kuongeza silinda hata moja.

Mwaka huohuo uliundwa ushirika wa kibiashara kati ya Büchi, kampuni ya Brown Boveri na kiwanda cha vichwa vya treni cha Winterthur. Kila mmoja alifanya anachokiweza: Büchi alishughulikia uhandisi na wateja, Brown Boveri ilitengeneza tabo, na kiwanda cha treni kilitoa injini za majaribio. Wanachama wa AMCOS watauona mpango huo kuwa wa kawaida, lakini ndio ulioiuza tabo duniani.

Kutoka baharini hadi barabarani

Mwaka 1938 kampuni ya Saurer, nayo ya Uswisi, ilitoa injini ya lori yenye tabo. Magari madogo yalichelewa. Büchi alifariki dunia Oktoba 27, 1959 mjini Winterthur akiwa na umri wa miaka 80, na mwaka 1962 ndipo Wamarekani walipoanza kuuza magari madogo ya petroli yenye tabo, Oldsmobile Jetfire na Chevrolet Corvair.

Hapa Afrika Mashariki, kifaa hicho kilipata umaarufu kupitia mbio za Safari Rally. Toyota Celica zenye tabo zilishinda mwaka 1984, 1985 na 1986 mfululizo, katika matope, vumbi na mawe. Vijana wengi walianza hapo kuota gari lenye mluzi.

Kwetu Kusini, uchumi umetegemea injini kwa muda mrefu. Reli ya Mpango wa Karanga iliyounganisha bandari ya Mtwara na Nachingwea ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Tangu hapo korosho, ufuta na mbaazi zimebaki kwa malori.

Mpango huo wa Karanga nao ni fundisho. Waingereza walileta mitambo mizito, mingine ikiwa vifaru vya vita vilivyogeuzwa matrekta, kabla ya kujua udongo, mvua na mafundi waliopo. Mwaka 1951 wakauacha, na takriban pauni milioni 36 zikawa zimepotea. Nguvu ilikuwepo, lakini kila kilichopaswa kuibeba hakikuwa tayari.

Kabla hujafunga tabo kubwa

Ndugu msomaji, kosa hilohilo hufanyika kwenye gereji zetu. Mtu ananunua tabo kubwa iliyotumika, anafungiwa asubuhi, jioni anapakia. Wiki mbili baadaye injini imenoki.

Tazama mfano wa Toyota Land Cruiser. Injini ya 1HZ haina tabo, ilhali 1HD-T ina ukubwa uleule wa lita 4.2 na ina tabo. Watu hudhani tofauti ni tabo tu. Sivyo. Kiwanda kilibadilisha pistoni, namna ya kupuliza dizeli na mgandamizo wa silinda. Anayefunga tabo kwenye 1HZ na kuisukumia hewa nyingi anaidai injini kitu ambacho haikuandaliwa kukitoa.

Kwa hiyo, kwanza pima afya ya injini. Mwambie fundi apime mgandamizo wa kila silinda. Injini iliyochoka haiponi kwa tabo, inawahi kufa.

Pili, hewa na mafuta viende pamoja. Tabo ikikua, nozeli, pampu na kipoza hewa lazima viangaliwe. Kwenye dizeli, moshi mweusi mzito ni dalili kwamba mafuta yamezidi hewa, na joto la moshi linapanda hadi kuyeyusha pistoni. Kwenye petroli hatari ni kinyume chake: hewa ikizidi mafuta, injini inagonga na pistoni inatoboka. Ndiyo maana Subaru ikibadilishwa tabo lazima kompyuta yake nayo irekebishwe na mtu anayeijua kazi hiyo.

Tatu, oili. Shafti ya tabo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika ikielea juu ya utando mwembamba wa oili. Badilisha oili na filta siku ya kufunga, safisha bomba linalopeleka oili, na hakikisha la kurudisha halijakunjwa. Kabla ya kuwasha mara ya kwanza, izungushe injini kwa stata bila kuiruhusu iwake, hadi oili ifike kwenye tabo.

Nne, vumbi. Barabara zetu za vijijini ni adui wa feni ya hewa. Kagua chujio la hewa mara kwa mara wakati wa kiangazi, na usikubali mpira wa hewa uliopasuka ukafungwa kwa kamba.

Tano, usizime injini ghafla ukitoka kupanda kilima na mzigo. Iache iunguruме taratibu kwa dakika mbili au tatu ili oili iipoze tabo. Ukizima papo hapo, oili iliyobaki ndani inaungua na kuwa masizi.

Sita, nguvu mpya inafika pia kwenye klachi, gia na breki. Na kumbuka, mizani ya barabarani haiulizi kama una tabo. Uzito unaoruhusiwa unabaki uleule. Mjulishe pia mtu wa bima kuhusu mabadiliko hayo.

Ukiona moshi wa bluu, mluzi umebadilika kuwa mkwaruzo, au oili imejaa kwenye mpira wa hewa, simama. Tabo inayovunjika inaweza kupeleka vipande vya chuma ndani ya injini.

Piga hesabu kwanza

Kabla ya kukopa, andika gharama zote: tabo, kipoza hewa, klachi, kazi ya fundi na siku ambazo gari halitafanya kazi. Kisha linganisha na safari utakazoongeza msimu huu. Kama gari linavuta mzigo halali bila taabu, huenda fedha hiyo ingefaa zaidi kwenye matairi au kwenye dawa ya mikorosho.

Büchi alijua thamani ya moshi tangu mwaka 1905. Ilimchukua hadi miaka ya 1920 kuifanya injini nzima ikubaliane na wazo lake. Wewe hutahitaji miaka 20, lakini usilazimishe kazi hiyo iishe kwa siku moja, tena katikati ya msimu wakati mzigo wa watu unakusubiri ghalani.