MAURICE STOKES NA NDUGU ALIYEMBEBA



Leo tunamkumbuka Maurice Stokes, mchezaji wa mpira wa kikapu wa Marekani. Vijana wetu wanaopenda mchezo huo wasome kwa makini, lakini na wazee wasiruke ukurasa.

Stokes alizaliwa tarehe 17 Juni 1933 karibu na mji wa Pittsburgh, jimbo la Pennsylvania. Mwaka 1951 aliingia chuo cha Saint Francis huko Loretto, chuo kidogo cha Wafransisko kilicho milimani. Alikuwa mrefu wa mita mbili, mwenye nguvu na mbio. Mwaka 1955 alikifikisha chuo hicho katika mashindano makubwa ya New York yaitwayo NIT. Walishika nafasi ya nne tu, hata hivyo Stokes ndiye aliyechaguliwa kuwa mchezaji bora kuliko wote. Walioshika nafasi ya tatu walikuwa chuo cha Cincinnati, na kati yao alikuwapo kijana aitwaye Jack Twyman.

Mwaka huohuo wote wawili waliingia timu moja ya kulipwa, Royals ya Rochester, ambayo ilihamia Cincinnati mwaka 1957. Stokes alikuwa mweusi, Twyman mzungu. Siku zile rangi hizo mbili hazikuishi pamoja kwa urahisi katika nchi ile.

Tarehe 12 Machi 1958, wakicheza mjini Minneapolis, Stokes alianguka, akagonga kichwa sakafuni na kuzimia. Alipozinduka alirudi mchezoni. Siku tatu baadaye alicheza tena mjini Detroit, na katika ndege ya kurudi nyumbani akashikwa na ugonjwa mkali, akapoteza fahamu. Alipoamka, mwili wote ulikuwa umepooza na sauti imekwisha. Akili yake ilibaki nzima. Alikuwa na miaka 24.

Ndugu zake walikuwa mbali, matibabu yalikuwa ya bei kubwa, na hata fedha zake mwenyewe zilizokuwa benki hakuweza kuzitoa. Ndipo Twyman, kijana wa miaka 23, alipokwenda mahakamani akaomba kuwa mlezi wake kisheria. Alimtafutia haki yake ya fidia ya kazini. Kila mwaka aliwaita wachezaji wakubwa kucheza ili kuchanga fedha za matibabu. Ili waongee, Twyman alitaja herufi moja moja, na Stokes alipepesa jicho kwenye herufi aliyoitaka, mpaka neno likamilike.

Kazi hiyo haikuwa ya wiki moja. Ilidumu miaka 12. Stokes naye hakukata tamaa: kwa mazoezi ya uchungu alijifunza tena kutamka maneno na kupiga chapa kwa mashine. Alifariki tarehe 6 Aprili 1970 kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na miaka 36, akazikwa Loretto, kwenye chuo chake, kama alivyoomba.

Mwaka 2004 jina lake liliingizwa katika jumba la heshima la mpira wa kikapu, na Twyman ndiye aliyempokelea heshima hiyo. Twyman alifariki mwaka 2012. Tangu 2013 ligi ya NBA hutoa tuzo yenye majina yao wawili kwa mchezaji aliye mwenzi mwema kuliko wengine.

Wapendwa, tunahubiri mara nyingi juu ya Msamaria mwema, na juu ya wale wanne waliombeba mwenye kupooza hadi kwa Yesu. Lakini hapa kambini wako wagonjwa waliofika bila baba wala mama, bila mtu wa kabila lao. Wiki ya kwanza tunawaletea uji. Mwezi wa tatu je, nani anabisha hodi? Tukisema huyo si wa kwetu, basi wa kwetu ni nani?

Jumapili hii, baada ya ibada, kila mmoja ajiulize ni mlango gani ameacha kuupitia. Kisha aurudie.

Mungu awabariki.