Papa Pio XII na Utungu wa Mama Anayejifungua

Mwanzoni mwa mwaka 1956, Baba Mtakatifu Pio XII alilitolea jibu swali ambalo mama wa Kibaha au wa Kisarawe anaweza kulibeba moyoni hata leo: je, ni halali mbele ya Mungu kutafuta nafuu ya utungu wakati wa kujifungua? Ni vema tumfahamu aliyejibu, ndipo tulielewe jibu lake.

Eugenio Pacelli alizaliwa Roma tarehe 2 Machi 1876, katika ukoo wa wanasheria waliotumikia Kiti Kitakatifu. Alipewa daraja ya upadre mwaka 1899. Mwaka 1917 aliwekwa wakfu kuwa Askofu na kutumwa Ujerumani akiwa Balozi wa Papa. Mwaka 1929 akafanywa Kardinali. Tarehe 2 Machi 1939, siku alipotimiza miaka 63, alichaguliwa kuwa Khalifa wa Mtume Petro, na miezi sita baadaye Vita Kuu ya Pili ikaanza. Sisi Watanzania tunamkumbuka pia kwa kumteua Laurean Rugambwa, Askofu wa kwanza mzalendo wa Tanganyika, aliyewekwa wakfu mwaka 1952, na kwa kuipandisha Dar es Salaam kuwa Jimbo Kuu mwaka 1953.

Papa huyu alikuwa na desturi ya kukutana na watu wa fani mbalimbali na kuzungumza nao juu ya dhamiri katika kazi zao. Oktoba 1951 alizungumza na wakunga wa Italia, akiwaonesha kwamba kazi yao ni utume wa kuulinda uhai. Mwishoni mwa mwaka 1954 yeye mwenyewe aliugua sana, hata wengi wakadhani angefariki.

Tarehe 8 Januari 1956 alizungumza na madaktari wa uzazi. Tangu mwaka 1847, daktari James Young Simpson wa Uskoti alipoanza kutumia klorofomu kwa wazazi, baadhi ya Wakristo walipinga wakitaja sura ya tatu ya Kitabu cha Mwanzo, panapoelezwa kwamba Hawa angezaa kwa uchungu. Sasa ilikuwa imekuja njia mpya kutoka Urusi, ya kumwandaa mama kwa mafundisho na mazoezi bila dawa, na wengine waliitilia shaka kwa kuwa waasisi wake hawakumjali Mungu. Papa alifundisha kwamba njia yenyewe haina kosa kimaadili. Adamu naye aliambiwa atakula kwa jasho lake, lakini Mungu hakumkataza kutafuta zana za kuipunguzia kazi yake ugumu. Vivyo hivyo, mama hakukatazwa kutafuta nafuu.

Mwaka uliofuata, Februari 1957, aliwajibu wataalamu wa ganzi na usingizi waliokuwa wamemuuliza kuhusu dawa za kuondoa maumivu. Alijibu kwamba Mkristo anaweza kuyapokea mateso kwa hiari na kuyaunganisha na Msalaba wa Kristo, na hilo ni jema. Lakini kwa kawaida halazimiki kuikataa dawa. Kwa hiyo hakuna mwenye haki ya kumtwisha mama sadaka ambayo Kanisa halimdai.

Leo ipo dawa ya ganzi inayoingizwa mgongoni kwa mrija mwembamba wakati wa utungu, iitwayo epidurali. Katika hospitali nyingi za umma nchini bado si huduma ya kawaida. Sindano ya mgongo inayojulikana zaidi kwetu ni ile anayochomwa mama anayekwenda kupasuliwa, hivyo ni rahisi kudhani kwamba sindano ndiyo inayoleta upasuaji. Tafiti zilizolinganisha akina mama waliopewa epidurali na waliopewa dawa nyingine za maumivu hazikuona kwamba epidurali inaongeza upasuaji. Hata hivyo, yaweza kurefusha utungu na kushusha shinikizo la damu. Ndiyo maana inahitaji mtaalamu wa usingizi na uangalizi wa karibu.

Pio XII alifariki Castel Gandolfo tarehe 9 Oktoba 1958. Mafundisho yake yanatudai jambo katika familia na jumuiya zetu ndogo ndogo. Mama aliyepewa ganzi, au aliyejifungua kwa upasuaji, amezaa kweli, wala asiitwe mvivu na wakwe au majirani. Waume, wasindikizeni wake zenu kliniki mapema, ulizeni huduma zilizopo, na wekeni akiba ya nauli. Daktari akisema upasuaji unahitajika ili kuokoa mama na mtoto, pasiwepo wa kuuchelewesha kwa kudhani kwamba maumivu ndiyo yanayompendeza Mungu.