Pierre Bézier: Mhandisi wa magari aliyezifundisha mashine kuchonga mpindo bila kusita

KARIBU kila herufi inayosomwa leo kwenye kioo cha kompyuta au cha simu imechorwa kwa mipindo ambayo dunia nzima inaiita kwa jina la mtu mmoja, Pierre Bézier, mhandisi wa Ufaransa aliyefariki dunia mwaka 1999.

Bézier mwenyewe hakuwa akitafuta namna ya kuchora herufi. Alikuwa mtu wa karakana, na shida iliyomsumbua kwa miaka mingi ilikuwa ya chuma na mafuta ya mashine. Alitaka kujua ni kwa njia gani mashine inaweza kuelezwa umbo lililopinda, kama boneti ya gari, ili ilichonge upesi na kwa usahihi bila kupitia mikononi mwa mafundi kumi.

Alizaliwa Paris tarehe 1 Septemba, 1910, katika ukoo wa wahandisi, kwani baba yake na babu yake walikuwa wa fani hiyo hiyo. Mwaka 1930 alihitimu uhandisi wa mitambo katika chuo mashuhuri cha Arts et Métiers, na mwaka mmoja baadaye akapata shahada ya pili, ya uhandisi wa umeme, katika chuo cha Supélec.

Mwaka 1933 aliajiriwa na kampuni ya magari ya Renault. Pamoja na shahada zake mbili, alianzia chini, akifanya kazi ya kufunga na kurekebisha zana kwenye mashine. Mwaka uliofuata alihamishiwa kwenye usanifu wa zana hizo. Alidumu Renault miaka 42, na ni vigumu kuielewa kazi yake ya baadaye bila kukumbuka kwamba aliingia katika hisabati kupitia mlango wa karakana.

Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilimkuta jeshini, akatekwa na kufungwa Ujerumani. Akiwa kifungoni alitumia muda wake kufikiria mashine zinazopokezana kazi, ambapo kipande cha chuma hupita kutoka kituo kimoja hadi kingine, kikitobolewa hapa na kusawazishwa pale, bila mtu kukibeba. Wamarekani walikwisha kuanza kuzitumia mashine za namna hiyo kabla ya vita. Bézier aliliboresha wazo hilo, na vita vilipokwisha akalitekeleza katika utengenezaji wa Renault 4CV, gari dogo lililoanza kuuzwa mwaka 1947 na kuwapa Wafaransa wengi gari lao la kwanza.

Mwaka 1945 alikuwa mkuu wa ofisi ya usanifu wa zana, na mwaka 1948 akapandishwa kuwa mkurugenzi wa uhandisi wa uzalishaji. Mtu mwingine angetosheka na cheo hicho.

Ili kuelewa kilichomkosesha usingizi, ni lazima kutazama jinsi bodi ya gari ilivyokuwa ikitengenezwa siku hizo. Wabunifu walichora picha na kufinyanga sanamu ndogo ya gari. Wachoraji wakaikuza hadi ukubwa kamili, wakichora mipindo kwa mkono kwa kufuata mbao nyembamba zinazokunjika. Kutokana na michoro hiyo vilikatwa violezo, na kwa violezo hivyo mafundi wa plasta na wa mbao wakachonga sanamu kuu.

Sanamu hiyo ndiyo iliyokuwa hakimu wa mwisho. Mashine za kunakili ziliipapasa kwa kidole cha chuma na kuhamisha umbo lake kwenye kalibu za kukandamizia mabati. Kila hatua iliongeza kosa dogo juu ya kosa la hatua iliyotangulia, na sanamu yenyewe iliweza kujikunja kwa joto au unyevu. Mchoro na sanamu vilipotofautiana, mabishano yalianza, na miezi ikapotea.

Wakati huo huo, ng'ambo ya Atlantiki jambo jipya lilikuwa limetokea. Mwaka 1952, chuo cha MIT huko Massachusetts kilionyesha hadharani mashine ya kuchonga inayoongozwa kwa namba zilizotobolewa kwenye utepe wa karatasi. Wazo la msingi lilitoka kwa John Parsons wa Michigan, ambaye alikuwa akihangaika na umbo la mapanga ya helikopta.

Kwa wasioifahamu, mashine ya kuchonga ni ile ambayo kisu chenye meno huzunguka kwa kasi huku meza iliyofungiwa kipande cha chuma ikisogea chini yake. Zamani fundi aliizungusha mikono ya meza kwa mikono yake. Sasa namba zilichukua nafasi ya mikono.

Lakini namba zipi? Hapo ndipo penye kiini cha habari ya Bézier.

Njia iliyo rahisi kufikirika ni kuukata mpindo vipande vidogo vilivyonyooka na kuipa mashine orodha ya nukta, iende kutoka moja hadi nyingine. Tuchukue duara lenye nusu kipenyo cha milimita 50. Kama tunaruhusu kosa lisilozidi sehemu moja ya mia ya milimita, kila kipande kitakuwa na urefu wa takriban milimita mbili, na duara zima litahitaji vipande kama 157. Tukitaka usahihi mara kumi zaidi, vipande vinakaribia 500. Hilo ni duara tu. Mlango wa gari una mipindo inayopinda kila upande.

Wingi wa namba ni nusu ya tatizo. Nusu nyingine ni kona. Kila vipande viwili vinapokutana pana kona ndogo, na meza nzito ya chuma haiwezi kubadili mwelekeo ghafla, kama vile lori lililosheheni lisivyoweza. Ama mashine ipunguze mwendo kwenye kila kona, ama itikisike na kuacha makovu kwenye kazi. Vipande vikiwa vifupi sana, nacho kifaa kinachosoma maagizo hulemewa. Kisu kinachokwenda milimita 100 kwa sekunde juu ya vipande vya sehemu moja ya kumi ya milimita kinadai maagizo 1,000 kila sekunde. Maagizo yakichelewa, kisu husimama kikisubiri.

Bézier alianza kulishughulikia suala hili kwa bidii mwaka 1960, akiwa na umri wa miaka 50, umri ambao mameneja wengi huanza kuhesabu siku za kustaafu. Alitaka mpindo mzima uelezwe kwa namba chache, ambazo mbunifu anaweza kuzibadili na kuona matokeo papo hapo, na ambazo mashine ya kuchora na mashine ya kuchonga zitazitumia zile zile bila mtu wa kati wa kuzitafsiri.

Fikra yake ya kwanza ilikuwa ya kifundi hasa. Aliuwazia mpindo wa msingi uliofungiwa ndani ya boksi. Boksi likivutwa au kulazwa upande, mpindo uliomo nao huvutika na kulala pamoja nalo. Baadaye boksi hilo liligeuka kuwa mfululizo wa mistari iliyonyooka, iliyounganishwa ncha kwa ncha, ambayo mpindo huifuata kwa mbali.

Katika hali yake inayotumika zaidi, mpindo wa Bézier una nukta nne. Unaanzia kwenye ya kwanza na kuishia kwenye ya nne. Zile mbili za kati kwa kawaida hauzigusi, bali unavutwa kuelekea kwake. Mstari unaotoka nukta ya kwanza kwenda ya pili huonyesha mpindo unaondoka ukielekea wapi, na ule wa kutoka ya tatu kwenda ya nne huonyesha unafika ukitokea wapi. Basi, ukitaka mipindo miwili iungane bila kona, panga mstari wa mwisho wa mmoja na wa kwanza wa mwingine viwe katika mwelekeo mmoja. Mbunifu asiyejua hisabati anaweza kufundishwa kanuni hiyo kabla ya chakula cha mchana.

Kwa upande wa mashine faida ilikuwa kubwa zaidi. Nukta nne katika anga ni namba 12 tu. Kipande cha bati kilichopinda pande zote kinaelezwa kwa nukta 16, yaani namba 48, mahali pa maelfu ya nukta. Kutokana na namba hizo kompyuta hukokotoa yenyewe mahali popote kisu kinapotakiwa kuwa, na hujua mapema mwelekeo utabadilika vipi.

Ndani ya kampuni mpango huo haukupokewa kwa shangwe. Wapo waliodai kwamba kama jambo hilo lingekuwa na manufaa, Wamarekani wangekwisha kulivumbua. Bézier, aliyekuwa mtu wa mzaha, alizipa kanuni zake jina la Profesa Onésime Durand, msomi ambaye hakuwahi kuishi popote ila kichwani mwake. Kanuni ya profesa husikilizwa kwa heshima kuliko ya meneja wa karakana.

Hakungoja kukubaliwa na kila mtu. Yeye na wasaidizi wake walijenga mashine ya kuchora kwa ukubwa kamili na mashine ya kuchonga sanamu katika vitu laini, wakaviunganisha na kompyuta. Mfumo huo, ulioitwa UNISURF, ulizinduliwa mwaka 1968, na kufikia mwaka 1975 ulikuwa katika matumizi kamili. Kwa mara ya kwanza hapo Renault, hakimu wa umbo la gari alikuwa namba, na sanamu ikawa nakala tu.

Tofauti na makampuni mengi yaliyoficha siri zao, Bézier aliruhusiwa kuchapisha. Kitabu chake kuhusu matumizi ya mashine zinazoongozwa kwa namba kilitoka Paris mwaka 1970, na tafsiri yake ya Kiingereza mwaka 1972. Mwaka huo huo wa 1972 Mwingereza Robin Forrest alionyesha kwamba mipindo hiyo inaweza kuandikwa kwa kutumia milinganyo ambayo mwanahisabati Sergei Bernstein wa Urusi aliitunga mwaka 1912 kwa shughuli tofauti kabisa. Tangu hapo wanahisabati waliiingiza katika vitabu vyao, na kutoka huko ikaenea katika usanifu wa ndege, meli, picha za kompyuta na, kuanzia miaka ya 1980, uchapaji wa herufi.

Haifai kumsifu marehemu kwa asichokifanya. Mpindo wake wa asili hauwezi kuchora duara kamili, bali hulikaribia tu. Ilibidi wengine wauongezee uzito kwenye nukta zake ili uweze. Aidha, hatua zilizo sawa katika mlinganyo hazizai hatua zilizo sawa juu ya chuma, hivyo kisu kinachofuata mlinganyo kibubusa kitakwenda mbio hapa na kujikokota pale. Wahandisi wa vifaa vya kuongozea mashine wamelishughulikia suala hilo kwa miongo kadhaa. Hata leo programu nyingi za kuandaa kazi bado huipelekea mashine vipande vifupi vilivyonyooka, na ni kifaa cha mashine yenyewe kinachotazama mbele mamia ya vipande, kikipima ni kona ipi ipitwe kwa kasi gani, na mara nyingine kikivifungamanisha upya kuwa mpindo laini. Yaani safari inaanzia kwenye mpindo, inapita kwenye mistari, na kurejea kwenye mpindo.

Kuanzia mwaka 1968 hadi 1979 Bézier alikuwa pia profesa wa uhandisi wa uzalishaji katika taasisi ya CNAM jijini Paris. Mwaka 1975 aliondoka Renault. Miaka miwili baadaye, mwaka 1977, akiwa na umri ambao wengi hulea wajukuu, aliwasilisha tasnifu na kutunukiwa udaktari wa hisabati wa Chuo Kikuu cha Paris. Mwaka 1985 wataalamu wa michoro ya kompyuta nchini Marekani walimpa tuzo ya Steven Anson Coons, miongoni mwa heshima kubwa kabisa za fani hiyo.

Lipo jambo moja ambalo wasifu wa Bézier hauwezi kulikwepa. Mwaka 1959, yaani kabla yeye hajaanza, kijana wa hisabati aitwaye Paul de Casteljau, aliyeajiriwa na wapinzani wao Citroën mwaka mmoja kabla, alikwisha kugundua mipindo hiyo hiyo kwa njia yake mwenyewe, pamoja na namna nyepesi ya kuikokotoa kwa kugawanya mistari tena na tena. Citroën waliifungia kazi yake kabatini kama siri ya kampuni. Dunia ilipokuja kuijua, katika miaka ya 1970, mipindo ilikuwa imekwisha kupewa jina. Hakuna ushahidi kwamba Bézier aliiba chochote. Wawili hao walifika kisimani kwa njia mbili tofauti, ila mmoja alikatazwa kusema kwamba amefika.

Pierre Bézier alifariki dunia tarehe 25 Novemba, 1999, akiwa na umri wa miaka 89. Baada ya kifo chake wataalamu wa usanifu wa maumbo kwa kompyuta walianzisha tuzo yenye jina lake, inayotolewa tangu mwaka 2007. Mwaka 2012 alipewa Paul de Casteljau, ambaye naye alifariki mwaka 2022. Namna yake ya kugawanya mistari ndiyo ambayo wanafunzi hufundishwa wanapoanza kuikokotoa mipindo ya Bézier.