Laurean Kardinali Rugambwa: Mwafrika aliyefungua mlango wa ukardinali

MACHI 28, 1960, mwaka mmoja na miezi kadhaa kabla ya Tanganyika kupata uhuru, Papa Yohane wa 23 alimsimika mjini Roma askofu wa jimbo dogo la Rutabo, kando ya Ziwa Viktoria, kuwa kardinali. Askofu huyo alikuwa Laurean Rugambwa, mwenye umri wa miaka 47, na kwa hatua hiyo akawa Mwafrika mweusi wa kwanza wa zama hizi kuvikwa kofia nyekundu. Siku hiyo hiyo Japani na Ufilipino nazo zilipata makardinali wao wa kwanza, Peter Doi na Rufino Santos.

Rugambwa alizaliwa Julai 12, 1912 katika kijiji cha Bukongo, Buhaya, wakati nchi ikiwa bado chini ya Wajerumani. Hakuzaliwa Mkristo. Alibatizwa mwaka 1921, akiwa bado mtoto. Alisoma seminari ndogo ya Rubya, kisha akavuka mpaka kwenda seminari kuu ya Katigondo, Uganda. Katigondo imo katika eneo la Masaka, ambalo mwaka 1939 lilikuwa limepewa askofu Mwafrika, Joseph Kiwanuka.

Alipewa daraja la upadri Desemba 12, 1943. Baada ya miaka michache ya utume alipelekwa Roma, akasomea sheria za Kanisa hadi ngazi ya udaktari. Hakupewa muda mrefu wa kupumzika baada ya masomo, kwani Desemba 1951 aliteuliwa kuongoza Vikarieti ya Kagera ya Chini, na Februari 10, 1952 akawekwa wakfu kuwa askofu. Mwaka 1953 vikarieti hiyo ikawa Jimbo la Rutabo.

Uteuzi huo ulikuwa mtihani. Wakati huo majimbo karibu yote ya Tanganyika yaliongozwa na maaskofu wamisionari kutoka Ulaya, na wapo waliojiuliza kama padri mzalendo angeweza kubeba mzigo huo. Ukardinali wa mwaka 1960 ulikuwa jibu la Roma kwa swali hilo. Mwaka huo huo akawa askofu wa Jimbo la Bukoba.

Alishiriki Mtaguso wa Pili wa Vatikano kati ya mwaka 1962 na 1965. Alipiga kura katika uchaguzi wa Papa mara tatu, mwaka 1963 alipochaguliwa Paulo wa Sita, na mara mbili mwaka 1978, walipochaguliwa Yohane Paulo wa Kwanza na Yohane Paulo wa Pili.

Desemba 1968 aliondoka nyumbani Bukoba na kuhamishiwa Dar es Salaam, akimrithi Askofu Mkuu Edgar Maranta, Mkapuchini kutoka Uswisi. Akawa Mwafrika wa kwanza kukalia kiti hicho. Aliingia katika jiji la pwani lenye Waislamu wengi, chini ya miaka miwili tu baada ya Azimio la Arusha. Muda si mrefu Serikali ikazitwaa shule nyingi za mashirika ya dini. Kanisa lililojijenga kwa shule lilipaswa kujifunza kuishi bila kuzimiliki, na ni katika kipindi hicho yeye alikuwa kiongozi wake katika makao makuu ya nchi.

Alikaa Dar es Salaam zaidi ya miaka 23. Septemba 1990 alimpokea Papa Yohane Paulo wa Pili jijini humo, na Julai 1992 akastaafu, akimwachia kiti Polycarp Pengo.

Kardinali Rugambwa alifariki dunia Desemba 8, 1997, akiwa na umri wa miaka 85. Mwaka 2012, miaka mia moja tangu azaliwe, masalia yake yalizikwa upya katika Kanisa Kuu la Bukoba. Hospitali ya Ukonga jijini Dar es Salaam na shule ya sekondari ya wasichana mjini Bukoba zinabeba jina lake.

Mlango alioufungua haukufungwa tena. Pengo alifanywa kardinali Februari 1998, miezi isiyozidi mitatu baada ya kifo chake, na mwaka 2023 Protase Rugambwa wa Tabora akawa Mtanzania wa tatu kupata hadhi hiyo.