Tom Mboya: Bwana afya wa Nairobi na bima iliyoipita Garissa

VIONGOZI wa Kaskazini Mashariki wanapoeleza sababu za eneo lao kubaki nyuma kwa barabara, shule na hospitali, hawakosi kuutaja waraka mmoja wa Serikali uliowasilishwa Bungeni mwaka wa 1965. Waziri aliyeuandaa na kuutetea alikuwa Thomas Joseph Mboya. Mwaka mmoja baada ya waraka huo, Bunge lilitunga sheria ya kwanza ya bima ya hospitali nchini. Ugomvi wa vyama kuhusu nani alipie matibabu ya nani, ambao Mboya aliushiriki akiwa mstari wa mbele, ulizuka upya mwaka wa 2004 na tena mwaka wa 2023, wakati sheria hiyo ilipotakiwa kuondolewa na nyingine kuwekwa mahali pake.

Wengi humkumbuka kwa ufasaha wake na kwa ndege zilizowapeleka vijana Marekani kusoma. Ni wachache wanaokumbuka kwamba kazi yake ya kwanza ilikuwa ya afya.

Mboya alizaliwa Agosti 15, 1930 katika shamba la mkonge huko Kilima Mbogo, karibu na Thika, ambako baba yake, Leonard Ndiege, alikuwa msimamizi wa vibarua. Wazazi walitoka Kisiwa cha Rusinga, Ziwa Victoria, lakini mtoto alikulia miongoni mwa watu wa makabila mbalimbali waliokusanywa pamoja na mshahara. Alisoma katika shule za wamisheni wa Kikatoliki Kabaa, Yala na Mang'u. Karo ilipokosekana, aliingia chuo cha kuwafunza wakaguzi wa afya mjini Nairobi mwaka wa 1948, na mnamo 1951 akaajiriwa na Baraza la Jiji.

Bwana afya wa siku hizo alikagua nyama, maziwa, vyoo na mitaro. Mboya alieleza baadaye katika kitabu chake jinsi mama mmoja Mzungu alivyoingia maabara akiwa na maziwa ya kupimwa, akamwona kijana huyo amesimama mbele yake, kisha akauliza iwapo kulikuwa na mtu yeyote humo ndani. Kwa kazi ile ile, mkaguzi Mwafrika alilipwa sehemu ndogo tu ya mshahara wa mwenzake Mzungu. Mboya hakuacha kazi kwa hasira. Alianza kuwapanga wafanyakazi wenzake, na chama chao cha watumishi Waafrika wa baraza kikageuka kuwa chama kamili cha wafanyakazi wa serikali za mitaa.

Serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari Oktoba 1952, viongozi wa vyama vya wafanyakazi waliotangulia, wakiwemo Fred Kubai na Bildad Kaggia, walikamatwa. Pengo hilo lilimpandisha Mboya haraka. Mwaka wa 1953, akiwa na umri wa miaka 23, alikuwa tayari katibu mkuu wa shirikisho la vyama hivyo. Mwaka wa 1955 alisaidia kumaliza mgomo wa makuli wa bandari ya Mombasa, nao wakapata nyongeza ya thuluthi moja. Kutoka hapo alikwenda Chuo cha Ruskin, Oxford, akarejea 1956, na Machi 1957 akachaguliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria kuwakilisha Nairobi.

Miaka hiyo ya vyama vya wafanyakazi ndiyo ufunguo wa kumwelewa. Mtu aliyemjua vizuri na kumpigania alikuwa mfanyakazi wa mshahara: karani, kuli, dereva, mhudumu wa hospitali. Mtu huyo ana mwajiri, ana kiwango cha malipo na ana siku ya mwisho wa mwezi. Makato yanaweza kufanywa kabla hajaitia mkononi shilingi moja. Mfugaji wa Mandera au Ijara hakuwa na lolote kati ya hayo, na chama chake cha kumtetea mbele ya mwajiri hakingewezekana kwa kuwa mwajiri hakuwapo.

Yaliyofuata yanajulikana. Mboya aliongoza kikao cha mkutano wa watu wote wa Afrika mjini Accra Desemba 1958, na Septemba 1959 wanafunzi 81 wakasafiri kwa ndege ya kwanza kwenda Marekani. Alikuwa katibu mkuu wa KANU tangu kuundwa kwake 1960, akawa Waziri wa Leba katika serikali ya muungano ya 1962, na mwaka huo huo akamwoa Pamela Odede. Baada ya uchaguzi wa 1963 alipewa wizara ya sheria na masuala ya katiba. Ni yeye aliyesimamia marekebisho yaliyouzika mfumo wa majimbo, ambao KADU ilikuwa imeupigania.

Kwa watu wa Garissa, mambo hayo yalikuwa yakifanyika mbali. Tume iliyotumwa 1962 ilikuwa imebaini kwamba wengi wa wakazi wa maeneo ya Wasomali walitaka kujiunga na Somalia. Uingereza ilipotangaza Machi 1963 kwamba eneo hilo lingekuwa mkoa wa saba wa Kenya, wakazi walisusia uchaguzi wa Mei. Wiki chache baada ya uhuru, mwishoni mwa Desemba 1963, hali ya hatari ilitangazwa huko. Sheria zake hazikufutwa hadi 1991.

Desemba 1964 Mboya alihamishiwa Wizara ya Mipango na Maendeleo ya Uchumi, na mwaka uliofuata akawasilisha Waraka wa Bunge Nambari 10 kuhusu Ujamaa wa Kiafrika. Mambo mawili katika waraka huo yanahusu habari hii. La kwanza ni matibabu. KANU ilikuwa imeahidi huduma za bure, na Juni 1965 Serikali ilifuta ada kwa wagonjwa wasiolazwa na kwa watoto waliolazwa. Lakini waraka ulionya kwamba kutoa huduma zote za jamii bila malipo papo hapo kungeifilisi nchi changa. La pili ni mgao wa fedha za maendeleo. Ulisema ziwekezwe pale zitakapozaa haraka, yaani penye ardhi nzuri, mvua, barabara na watu walio tayari kupokea mabadiliko. Mapato ya huko ndiyo yangesaidia maeneo mengine baadaye.

Kwa mwanauchumi, hoja hiyo ilikuwa na mantiki, na hazina ya nchi mwaka wa 1965 kwa kweli ilikuwa finyu. Hata hivyo, ni vigumu kuusoma ukurasa huo leo bila kuona kwamba uliandikwa na watu ambao ramani yao ilimalizikia Mwingi. Mkoa usio na mvua, usio na lami na ulio chini ya sheria za hatari ulikuwa umekwisha kuhukumiwa kabla ya hesabu kuanza.

Sheria ya Hazina ya Kitaifa ya Bima ya Hospitali, NHIF, ilipitishwa Julai 1966. Ilikuwa mali ya Wizara ya Afya, si ya Mboya, lakini ilikatwa kwa kitambaa kile kile. Aliyepokea mshahara wa Sh1,000 au zaidi kwa mwezi alikatwa Sh20, na alipolazwa yeye au jamaa yake, hazina ililipa. Kiwango hicho kilikuwa kikubwa kwa wakati ule. Wengi hata wa vibarua wa mjini hawakukifikia. Katika mwaka huo huo wa 1966, maelfu ya wafugaji wa Kaskazini Mashariki walikuwa wakilazimishwa kuingia katika vijiji vilivyolindwa na askari, na mifugo wao wakifia kando ya ua.

Upinzani haukuchelewa. Machi 1966, katika mkutano wa KANU mjini Limuru uliopangwa kwa ustadi na Mboya mwenyewe, Jaramogi Oginga Odinga alinyang'anywa wadhifa wa makamu wa rais wa chama. Aliunda KPU, akajiunga naye Kaggia. Chama hicho kilidai kwamba Serikali ilikuwa imewageuka maskini na kuzisahau ahadi za uhuru. Mboya alijibu kwamba hakuna cha bure, kwa kuwa kila kitu hulipwa na mtu fulani kupitia kodi. Mjadala huo ulikuwa wa maana, na kila upande ulikuwa na hoja. Uliharibiwa na uhasama. Katika uchaguzi mdogo wa Juni 1966, wagombea wa KPU walizuiwa kwa kila njia, na bei ya matibabu ikawa kipimo cha nani anampenda na nani anamchukia Rais Kenyatta.

Jumamosi, Julai 5, 1969, Mboya aliingia duka la dawa katika barabara iliyoitwa Government Road wakati huo, sasa Moi Avenue, katikati ya Nairobi. Alipotoka alipigwa risasi, akafa akiwa na umri wa miaka 38. Nahashon Njenga Njoroge alihukumiwa kwa mauaji hayo na kunyongwa Novemba. Nani alimtuma, kama alitumwa, ni swali ambalo mahakama haikulijibu. Mboya alizikwa Rusinga.

Oktoba 25 mwaka huo, Kenyatta alikwenda Kisumu kufungua hospitali kuu iliyojengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovieti. Makabiliano ya maneno kati yake na Odinga yaligeuka kuwa fujo, walinzi wakafyatua risasi na watu wakauawa. Siku tano baadaye KPU ilipigwa marufuku. Kwa zaidi ya miaka 20 hapakuwa na chama cha kuuliza Bungeni bima ilikuwa ya nani.

Sheria ya 1966 iliendelea kutiwa viraka. Wasio na mshahara waliruhusiwa kujiunga kwa hiari mwaka wa 1972, ada za hospitali zikarudishwa 1989, na sheria mpya ya 1998 ikaifanya NHIF shirika la umma. Mwaka wa 2004 Waziri wa Afya, Bi Charity Ngilu, alipeleka Bungeni mswada wa kuiondoa na kuleta bima ya kila Mkenya. Serikali ya NARC iligawanyika yenyewe kwa yenyewe kuhusu gharama. Wabunge waliupitisha Desemba, lakini Rais Mwai Kibaki akakataa kuutia sahihi. Kibaki alikuwa amefanya kazi chini ya Mboya akiwa waziri msaidizi wa mipango, na hesabu iliyomtia shaka ilikuwa ile ile ya 1965.

Katiba ya 2010 iliunda Hazina ya Usawazishaji kwa maeneo yaliyotengwa, Garissa ikiwemo, jambo ambalo wengi waliliona kuwa jibu kwa Waraka Nambari 10. Oktoba 2023 Rais William Ruto alitia sahihi Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii iliyoifuta NHIF. Azimio ilipinga makato ya asilimia 2.75 ya mshahara. Mahakama Kuu iliibatilisha sheria hiyo Julai 2024, Mahakama ya Rufaa ikasitisha uamuzi huo Septemba, na Oktoba 1 mfumo mpya wa SHA ukaanza. Machi 2025 Wizara ya Afya ilikabidhiwa Bw Aden Duale, ambaye kwa miaka mingi alikuwa mbunge wa Garissa Mjini, eneo ambalo Waberi ni wadi yake.

Sheria hiyo mpya inamtambua asiye na mshahara na kuahidi kwamba Serikali itamlipia asiyejiweza. Wengine wote hupimwa uwezo wao, kima cha chini kikiwa Sh300 kwa mwezi, nazo hutakiwa kulipwa mapema kwa mwaka mzima. Kwa mwalimu wa Waberi, makato hufanyika kimyakimya mwisho wa mwezi. Mfugaji anayeingia mjini kutoka malishoni huja kwanza kuuza mbuzi.