Maisha ya Bibi Rachel Carson, aliyefuata njia ya sumu

Safari hii katika kurasa za watu mashuhuri tumemchagua mwanamke. Hakuwa malkia, wala hakupiga vita ya bunduki. Wenzetu wa biolojia na kemia labda wamekwisha kusikia jina lake. Wengine tunawajulisha leo.

Rachel Carson alizaliwa tarehe 27 mwezi wa tano 1907 kule Springdale, mji mdogo wa Pennsylvania, Marekani. Mama yake alikuwa binti wa mchungaji wa kanisa la Presbiteri, na ndiye aliyekuwa anamtembeza mtoto porini na kumwonyesha ndege na maua. Pesa haikuwa mingi nyumbani. Rachel alipenda kuandika, na mwaka 1918 hadithi yake ilitoka katika gazeti la watoto. Alipofika chuoni, Pittsburgh, akaacha fasihi akashika biolojia. Mwaka 1932 akapata diploma ya zoolojia kule Johns Hopkins. Alitaka kuendelea na udaktari, lakini baba yake alikufa mwaka 1935, na dada yake mwaka 1937, akiacha watoto wawili. Basi, mshahara mmoja, midomo mingi. Alikuwa ameingia kazi ya serikali katika ofisi ya samaki mwaka 1936. Usiku aliandika juu ya bahari. Kitabu chake cha mwaka 1951 kilinunuliwa sana, hata akaweza kuacha kazi ya ofisi mwaka 1952.

Sasa tuje kwa ile sumu. Mwaka 1939 Mswisi mmoja, Paul Müller, aligundua kwamba DDT inaua wadudu. Wakati wa vita iliua chawa wanaoleta homa ya tifusi, na mbu wa malaria. Müller akapewa zawadi ya Nobel mwaka 1948, na hatuwezi kukana kwamba watu wengi waliokolewa. Lakini kiisha vita, viwanda vilitengeneza dawa za namna hiyo kwa wingi, na eropleni zikazimwaga juu ya mashamba, misitu, hata nyumba za watu. Tangu 1945 Bibi Carson alipenda kuandika juu ya jambo hili. Gazeti moja kubwa likakataa. Mwaka 1958 rafiki yake Olga Huckins wa Massachusetts akamwandikia: eropleni ilimwaga dawa ya mbu, na ndege wa bustani yake walikufa. Hapo Carson akaanza kazi kabisa.

Shida ya DDT ni hii. Haiko kama chumvi. Chumvi ukiitupa majini inayeyuka na kwenda zake. DDT inakataa maji, inapenda mafuta. Ikiingia katika mwili wa mnyama inajificha katika mafuta yake, na haivunjiki upesi. Inaweza kukaa miaka mingi. Ule mfano wa ziwa Clear Lake, kule California, ulitushangaza sana. Vidudu vidogo visivyouma hata mtu vilikuwa vinasumbua wavuvi na wageni. Mwaka 1949 wakatia DDD, ndugu ya DDT, sehemu 1 tu kwa sehemu milioni 70 za maji. Nani angeogopa kiasi hicho? Vidudu vilirudi, wakatia tena mwaka 1954 na 1957. Ndege wa majini wakaanza kufa, na ugonjwa wa kuambukiza haukuonekana. Wataalamu walipopima, walikuta viumbe vidogo sana vya majini vina sehemu 5 za sumu kwa milioni. Samaki wanaokula majani walikuwa na 40 hata 300. Katika mafuta ya wale ndege wanaokula samaki: 1600! Kumbe kila anayekula anarithi sumu ya wote aliowala. Jozi za ndege hao zilikuwa zaidi ya 1000. Mwaka 1960 zilibaki kama 30. Na sisi watu tunakula samaki pia.

Mambo haya hakuyapima yeye mwenyewe. Kazi yake ilikuwa kukusanya ripoti za wataalamu, kuwaandikia, kulinganisha, kiisha kuandika kwa lugha ambayo mama wa nyumbani anaweza kusoma. Ndiyo kazi tunayoiheshimu zaidi, juu ripoti nyingi zilikuwa zinalala ofisini. Katika miaka hiyo mama yake alikufa, na alikuwa analea mtoto yatima wa ukoo wake. Mwaka 1960 akapasuliwa kansa ya titi. Aliificha, ili adui wasiseme anaandika kwa uchungu wa ugonjwa wake.

Kitabu, Silent Spring, kilitoka mwezi wa tisa 1962. Kiwanda kimoja kilikuwa kimetisha kumshitaki mwenye kukichapisha. Wengine walimcheka kwamba ni mwanamke asiyeolewa, anajua nini? Rais Kennedy akawaomba washauri wake wa sayansi wachunguze, na ripoti yao ya mwezi wa tano 1963 ilikubaliana naye katika mambo makubwa. Bibi Carson alikufa tarehe 14 mwezi wa nne 1964, na miaka 56 tu. Marekani ilikataza DDT mashambani mwaka 1972.

Kuna watu walioandika kwamba huyu mama ameua watoto wa Afrika kwa malaria. Sisi tunaopoteza wadogo zetu kwa malaria tuna haki ya kuuliza. Tungependa kitabu chake kiseme zaidi juu ya watu waliookolewa na DDT. Lakini hakuomba dawa zote zitupwe. Alionya kwamba dawa ikimwagwa ovyo, mbu wanazoea na dawa inakosa nguvu, na jambo hilo lilikuwa limekwisha kuonekana wakati wake. Mapatano ya Stockholm ya mwaka 2001 yaliikataza DDT mashambani, lakini yakaacha nchi zenye malaria ziipulize kwa kuta ndani ya nyumba, kama hazina dawa nyingine inayofaa.