Mbaruk wa Gasi na Bunduki za Gumegume

Mtu asimamaye ufukoni Mtongwe, akaelekeza uso wake kwenye bandari ya Kilindini, huziona meli za jeshi la wanamaji la Kenya ambalo kambi yake iko papo hapo. Akigeuka nyuma, njia yampeleka Likoni, kisha Tiwi, kisha Gasi. Katika karne ya 19 watu wa Mombasa waliovuka maji kuja upande huu walijua wanaelekea nchi ya mtu mmoja ambaye amri yake huko ilisikika kuliko ya liwali aliyekaa mjini. Mtu huyo ni Sheikh Mbaruk bin Rashid Al-Mazrui.

Ardhi ya Mtongwe yenyewe ina habari ya silaha iliyo ndefu kuliko ya Mazrui. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wataalamu kutoka Japani walichimba hapa, wakatoa zana za mawe za watu wa kale mno. Watu wale walijua kuchagua jiwe: si kila jiwe likigongwa hutoa makali. Mababu zetu wa juzi nao walichagua jiwe, ila wao hawakutaka makali, walitaka cheche. Jiwe hilo liliitwa gumegume, na bunduki iliyolitumia ikachukua jina lake. Kwa bunduki ya namna hiyo Mbaruk aliwasumbua masultani wa Unguja kwa miaka mingi.

Alizaliwa katika nyumba iliyokwisha anguka. Baba yake, Rashid bin Salim, ndiye wa mwisho katika Mazrui waliotawala Mombasa. Mwaka 1837 Sayyid Said alipoutwaa mji, aliwakamata wakuu wa ukoo huo akawapeleka uhamishoni Bandar Abbas, na hawakurudi tena. Waliosalia waligawanyika, baadhi wakaenda kaskazini wakakaa Takaungu, wengine wakashika njia ya kusini hadi Gasi. Mbaruk alikuwa bado mtoto mdogo. Alikua akisikia Ngome ya Mombasa ikitajwa kama nyumba ya kwao iliyotwaliwa, na anayelelewa hivyo si rahisi akubali kuwa raia wa mtu.

Alipopata ukubwa wa Gasi aliasi, akapatana, akaasi tena. Mara nyingine alipokea posho kutoka Unguja, na baadaye kutoka kwa Kampuni ya Kiingereza, lakini posho haikumnunua. Mahali pake pa kukimbilia palikuwa Mwele, boma lililokuwa kwenye vilima vya Shimba, lenye msitu kila upande. Adui akija na jeshi kubwa, Mbaruk huwaachia Gasi akapanda Mwele.

Hapa yatupasa tusimame kidogo kwenye bunduki zenyewe, maana bila ya kuzijua mtu hataelewa kwa nini alidumu muda wote ule, wala kwa nini mwishowe alishindwa. Gumegume hujazwa kwa mdomo wa kasiba: baruti kwanza, kisha risasi, na mdeki wa kushindilia. Ni bunduki ya taabu. Mvua ikinyesha baruti ya kwenye kifa hulowa, na kabla askari hajajaza mara ya pili mwenye bunduki bora amekwisha piga mara kadhaa. Lakini ilikuwa na sifa moja kubwa, nayo ni kwamba uhai wake ulikuwa mikononi mwa fundi wa karibu. Mhunzi mwenye fuawe, mvukuto, koleo na tupa nzuri aliweza kuutengeneza mtambo ulioharibika, na seremala akachonga tako jipya. Risasi iliyeyushwa jikoni. Hata jiwe likiisha makali liligeuzwa upande wa pili.

Upande wa Sultani mambo yalikuwa yamebadilika. Mwaka 1877 Sayyid Barghash alimpa Mwingereza kijana, Lloyd Mathews, kazi ya kumfunzia jeshi la namna ya Ulaya, na serikali ya Uingereza ikatoa bunduki 500 za Snider. Snider hujazwa nyuma, kwa risasi ya kopo iliyotoka kiwandani tayari ina kila kitu ndani yake. Mwaka 1882 Mathews alikuja Mwele na askari wapatao 1,200. Boma lilitwaliwa, ila Mbaruk mwenyewe aliponyoka, na haikupita muda akawa na nguvu zake tena.

Jambo ambalo pengine halikuzingatiwa sana Gasi lilitokea mbali, mjini Brussels, tarehe 2 Julai 1890. Mataifa makubwa yalitia sahihi mkataba wa kuzuia biashara ya watumwa, na humo mlikuwa na vifungu vya silaha. Bunduki za kisasa zilizuiwa kuingia sehemu kubwa ya Afrika, lakini gumegume na baruti ya kawaida ziliweza kuruhusiwa. Maana yake ni wazi: Mwafrika na Mwarabu wa pwani aachiwe silaha ya babu, na Mzungu abaki na ya kwake. Kukomesha utumwa lilikuwa jambo la haki, na Mbaruk hapa hana utetezi, kwani naye alikuwa na watumwa wengi na mashamba yake yalilimwa nao. Lakini mkataba ule uliwafungia njia hata wasiokuwa na mtumwa hata mmoja.

Vita vya mwisho havikuanzia kwake. Mapema mwaka 1895 alifariki Salim bin Khamis, mkubwa wa Takaungu. Kampuni ikamweka mwanawe, ikampita mkubwa wa ukoo aliyestahili, ambaye naye jina lake lilikuwa Mbaruk bin Rashid. (Msomaji asiwachanganye, huyu ni wa Takaungu.) Mbaruk wa Takaungu na ndugu yake Aziz wakaasi, wakaja kusini kutaka hifadhi. Sheikh wa Gasi akatakiwa awatoe. Alikuwa mzee tayari, ana posho yake na mji wake umetulia. Hakuwatoa. Wengine husema alikuwa akitafuta kisa tu cha kuasi tena. Sisi twaona kwamba mtu ambaye jamaa zake walitolewa mikononi mwa adui mwaka 1837 asingeweza kuwatoa hawa naye akaonekana tena barazani.

Vita vilienea pwani nzima. Hamisi bin Kombo wa Mtwapa aliingia pamoja nao, na Wamijikenda wengi pia. Mwezi Agosti Amirali Rawson alipanda Mwele na mabaharia wapatao 400, pamoja na askari wa Kisudani na wa Unguja, wakiwa na mizinga na Maxim. Tarehe 17 boma lilianguka. Waingereza walilihesabu kuwa jambo kubwa, hata nishani waliyowapa askari wao ilichorwa ukingoni jina la Mwele na mwaka 1895.

Mbaruk hakukamatwa. Kwa miezi minane mingine watu wake waliendelea kupiga na kutoweka msituni, hata serikali ikalazimika kuleta kikosi cha Mabaluchi kutoka Bara Hindi mwezi Machi 1896. Sasa hapakuwa tena na mahali pa kukaa, na fundi hawezi kazi yake pasipo kukaa. Mvukuto haubebwi kila usiku, wala baruti haikai kavu mgongoni mwa mtu anayevuka mito.

Mwezi Aprili 1896 alivuka mpaka, akaingia nchi ya Wajerumani pamoja na mamia ya wafuasi wake. Gavana von Wissmann alimpokea kwa sharti moja, kwamba bunduki zote zikabidhiwe. Zikakabidhiwa. Yeye akapelekwa Dar es Salaam na kukaa huko miaka kumi na minne bila ya kuirudia Gasi, ambako nyumba yake ilikuja kutumiwa kuwa shule ya watoto. Alifariki huko mwaka 1910. Mwenyezi Mungu amrehemu.